Nyama Mbichi na Kachumbari: Kuzuia Uchafuzi Mtambuka Katika Jiko la Nyumbani

Mapishi ya nyama katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki huishia kwenye moto mkali na wa muda mrefu: nyama ya ng'ombe huchemshwa hadi ilainike kabla ya kuungwa, kuku wa kienyeji hutokoswa kwa saa nzima au zaidi, na mifupa ya supu hubandikwa tangu alfajiri. Kwa sababu hiyo wapishi wengi huamini, na kwa sehemu kubwa huamini sawasawa, kwamba nyama inayofika mezani haina tena vijidudu vya kumdhuru mlaji. Hatari inayozungumzwa katika kijitabu hiki haimo ndani ya sufuria. Imo katika njia fupi ambayo nyama hupita kabla ya kufika sufuriani, yaani kikapuni, juu ya kibao, kwenye makali ya kisu, katika maji ya kuoshea na katika viganja vya mpishi, na chakula kinachobeba hatari hiyo mara nyingi si nyama yenyewe bali ni kachumbari, embe lililomenywa, mkate au glasi ya juisi, vitu ambavyo havitaonja moto kabisa.

Wataalamu wa usalama wa chakula huliita jambo hili uchafuzi mtambuka, maana yake kuhama kwa vimelea vya maradhi kutoka kitu kimoja kwenda kingine, na hasa kutoka chakula kibichi kitokanacho na mnyama kwenda chakula kilicho tayari kuliwa. Vimelea huhama kwa kugusana moja kwa moja, kama vile damu ya nyama inapodondokea nyanya zilizo chini yake. Huhama kwa kupitia kifaa au mkono uliogusa nyama kisha ukagusa kitu kingine. Na huhama kwa matone ya maji yanayoruka wakati wa kuosha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kutokana na chakula kisicho salama na kwamba 420,000 kati yao hufariki, wakiwamo watoto 125,000 wenye umri chini ya miaka 5. Kwa kanda ya Afrika pekee makadirio yalikuwa wagonjwa zaidi ya milioni 91 na vifo 137,000. Takwimu hizo zinajumlisha sababu nyingi, ikiwamo sumukuvu ya nafaka, na uchafuzi wa jikoni ni sehemu yake tu, lakini ni sehemu ambayo familia inaweza kuishughulikia leo hii bila kungoja machinjio yajengwe upya wala soko liwekewe mabomba.

Vimelea hutoka wapi

Bakteria wanaohusika zaidi huishi katika utumbo wa wanyama ambao hawana ugonjwa wowote. Kuku mchangamfu anayedonoa uani anaweza kubeba kampilobakta au salmonela bila kuonyesha dalili, na ng'ombe aliyenona anaweza kubeba E. koli ya aina ya O157, bakteria aliyetambuliwa kuwa chanzo cha maradhi mwaka 1982 na ambaye kwa baadhi ya watoto huharibu figo. Wakati wa kuchinja, na hasa matumbo yanapotolewa, kinyesi kidogo kisichoonekana kwa macho hugusa minofu. Na pale ambapo kuku wengi hutumbukizwa mmoja baada ya mwingine katika ndoo ileile ya maji ya moto ili wanyonyolewe manyoya, maji hayo hugawa bakteria wa kuku mmoja kwa wote wanaofuata. Ndiyo maana muhuri wa mkaguzi wa nyama, ambao kila mnunuzi anapaswa kuutafuta kwenye paja au bega la nyama inayoning'inia buchani, unathibitisha kwamba mnyama amekaguliwa na kukutwa hana dalili za maradhi kama kifua kikuu au viluwiluwi vya tegu katika misuli, lakini hauwezi kuthibitisha kwamba nyama haina bakteria, kwa kuwa jicho la mkaguzi haliwaoni.

Kampilobakta hastawi vizuri katika chakula kilichoachwa wazi, lakini hahitaji kustawi, kwa sababu chembe mia chache tu, ambazo tone moja la majimaji ya kuku mbichi linaweza kuzibeba, zinatosha kumharisha mtu. Salmonela ana tabia nyingine: akihamia kwenye chakula chenye unyevu na kuachwa katika joto la kawaida la chumba, huongezeka, na katika hali inayomfaa anaweza kujigawa mara mbili kila baada ya dakika 20 au 30 hivi, kiasi kwamba kachumbari iliyochafuliwa saa nne asubuhi huwa na hatari kubwa zaidi inapoliwa saa nane mchana. Kwa mtu mzima mwenye afya, matokeo huwa ni siku kadhaa za kuhara, homa na tumbo kunyonga. Kwa mtoto mwenye utapiamlo au anayeugua malaria, na kwa mtu anayeishi na VVU ambaye hajaanza dawa, baadhi ya aina za salmonela huvuka utumbo na kuingia katika damu, na hali hiyo, ambayo imeonekana kwa wingi katika Afrika kusini mwa Sahara, huua. Wajawazito na wazee nao wamo katika kundi la kulindwa zaidi.

Nyama ya kibudu, yaani ya mnyama aliyekufa mwenyewe, ni suala jingine ambalo usafi wa jikoni hauwezi kulitatua. Kimeta na homa ya Bonde la Ufa, ambayo ilizuka Kenya, Somalia na Tanzania mwaka 2006 na 2007, huambukiza kwa kugusa tu damu na viungo vya mnyama mgonjwa, na kwa hiyo nyama ya namna hiyo haipaswi kuvuka kizingiti cha nyumba hata kama imetolewa bure.

Kutoka buchani hadi nyumbani

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata Juni 2019. Hatua hizo zimeyasaidia mazingira, na kijitabu hiki hakizipingi hata kidogo, ila zimebadilisha namna nyama inavyosafiri, kwa kuwa kikapu na mfuko wa kitambaa hutumika tena na tena, na mfuko mwepesi wa kitambaa hupitisha majimaji. Mnunuzi anayeweka kilo ya nyama chini, nyanya na bilinganya juu, kisha kesho yake akaweka mikate katika mfuko huohuo, ameanza uchafuzi kabla hajafika jikoni. Njia iliyo rahisi ni kwenda buchani na chombo chenye mfuniko, kama vile kopo kubwa la plastiki au hotipoti ya zamani, ambacho kimetengwa kwa nyama mbichi peke yake na huoshwa kwa sabuni kila kinaporudi. Na pale ambapo chombo hakipo, nyama ibebwe mkono mmoja na mboga mkono mwingine. Nyama inunuliwe mwisho, baada ya mahitaji mengine yote, ili isizunguke juani.

Suala la kuosha kuku

Hapa ndipo ushauri wa kitaalamu unapokutana na desturi, na ushauri huo unastahili kuelezwa kwa uangalifu badala ya kunakiliwa tu kutoka nchi nyingine. Mwaka 2014 wakala wa viwango vya chakula wa Uingereza ulianza kampeni ya kuwataka wananchi waache kabisa kuosha kuku mbichi, kwa hoja kwamba maji ya bomba yanapogonga ngozi ya kuku hurusha matone yenye bakteria kwenye sinki, vyombo vilivyooshwa, nguo za mpishi na chakula kilicho karibu. Wizara ya Kilimo ya Marekani nayo ilichapisha mwaka 2019 matokeo ya utafiti uliofanywa pamoja na Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, ambapo kuku walipandikizwa kwa makusudi bakteria wasio na madhara ili watafiti waweze kufuatilia walikokwenda. Kati ya walioosha kuku, asilimia 60 walikutwa na bakteria hao katika sinki, asilimia 14 walikutwa nao hata baada ya kujaribu kulisafisha, na asilimia 26 walikuwa wamewafikisha kwenye saladi. Lakini utafiti huohuo ulibainisha jambo ambalo halitajwi mara kwa mara: kati ya wale ambao hawakuosha kuku kabisa, asilimia 31 nao walifikisha bakteria kwenye saladi, na sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa kutonawa mikono ipasavyo. Kuosha kuku ni kosa mojawapo katika msururu, si msururu wote.

Isitoshe, kuku anayezungumziwa katika kampeni hizo hununuliwa akiwa amekwisha kusafishwa na kufungashwa kiwandani, ilhali kuku wa kienyeji aliyechinjwa uani ana damu, vinyweleo vilivyobaki baada ya kubabuliwa, na mabaki ya matumbo, na kumwambia mpishi asimwoshe ni kumpa ushauri ambao hataufuata na hana sababu ya kuufuata. Kwa kuku aliyefungashwa akiwa safi, kuosha hakuna faida, kwa kuwa maji hayawaondoi bakteria walioshikamana na ngozi na moto wa kupikia utawaua wote. Kwa kuku wa kuchinjwa nyumbani, na kwa utumbo, firigisi na miguu ya kuku, kuosha kunaruhusika ikiwa kutafanywa kwa namna inayozuia matone: nyama itumbukizwe polepole katika beseni lenye maji yaliyotulia, igeuzwe taratibu chini ya maji bila kuinuliwa na kukung'utwa, na bomba lisifunguliwe juu yake. Beseni liwekwe chini, mbali na kabati la vyombo na ndoo ya maji ya kunywa, ambayo ifunikwe kabla kazi haijaanza. Maji machafu yamwagwe polepole kwenye shimo la maji machafu, si kwenye majani ambako watoto hucheza, na beseni hilo lisitumike tena kuoshea mchicha, mchele au matunda, hata likisuguliwa namna gani. Bei ya beseni la pili ni ndogo kuliko nauli ya kwenda hospitali.

Ndimu, siki na chumvi, ambazo wapishi wengi humsugulia kuku, hupunguza harufu na utelezi na huipa nyama ladha, na hakuna ubaya wa kuzitumia kwa lengo hilo. Haziui bakteria kwa kiwango cha kutegemewa, na mpishi anayeamini kwamba kuku aliyekamuliwa ndimu sasa ni salama kushikwa huwa mzembe zaidi katika kunawa.

Ipo njia isiyogharimu hata senti, na kama familia ingeweza kubadilisha jambo moja tu baada ya kusoma kijitabu hiki, ingefaa liwe hili: kupanga upya mfuatano wa kazi. Desturi ya wengi ni kuanza na nyama kwa sababu inachelewa kuiva, na kukata kachumbari mwishoni wakati nyama ikitokota, jambo ambalo maana yake ni kwamba nyanya na vitunguu hukatwa kwa kibao, kisu na mikono ambayo imetoka kushughulikia nyama dakika chache zilizopita. Mpishi anayeanza na kachumbari, akakata matunda, akaweka kila kimoja katika bakuli, akafunika na kuviweka kabatini au katika friji, kisha ndipo akafungua nyama, ameondoa nafasi kubwa ya uchafuzi hata kama ana kisu kimoja na kibao kimoja tu. Chumvi na ndimu ziongezwe kwenye kachumbari wakati wa kula, kwa hiyo ladha haipotei.

Kibao, kisu na kitambaa

Vibao viwili, kimoja cha nyama na samaki wabichi na kingine cha vitu vinavyoliwa bila kupikwa, ni bora kuliko kimoja, na alama ya rangi au mkato mdogo pembeni hutosha kuvitofautisha. Kuhusu kibao cha mbao dhidi ya cha plastiki, imani iliyoenea kwamba plastiki ni safi zaidi haikuthibitishwa na utafiti wa Dean Cliver, mtaalamu wa mikrobiolojia ya chakula aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin na baadaye Chuo Kikuu cha California, Davis: alikuta kwamba bakteria waliowekwa juu ya mbao hufyonzwa ndani na wengi hufa mbao inapokauka, ilhali katika plastiki iliyojaa mikwaruzo ya kisu hujificha na kuhimili kuoshwa. Kinachoamua usalama ni hali ya kibao kuliko aina yake. Kibao chenye ufa unaoingiza ncha ya kisu, kiwe cha mbao au cha plastiki, kimekwisha kazi.

Usafishaji una hatua mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Hatua ya kwanza ni kuosha kwa sabuni na maji, ya moto yakipatikana, huku kibao, kisu na hasa maungio ya mpini wa kisu yakisuguliwa hadi mafuta yote yatoke. Hatua ya pili ni kuua vimelea vilivyobaki, ama kwa kumwagia maji yanayochemka, ama kwa maji ya klorini, yaani dawa ya maji isiyo na manukato inayotumika kung'arisha nguo nyeupe, kijiko kimoja cha chakula katika lita 4 za maji, yakaachwa kwa dakika chache kabla kibao hakijasuuzwa na kuanikwa kwa kusimamishwa. Klorini ikimwagwa juu ya damu na mafuta hupoteza nguvu, na ndiyo sababu sabuni hutangulia. Isichanganywe kamwe na siki wala ndimu, vitu ambavyo havikosekani jikoni, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayounguza koo na mapafu.

Kitambaa cha jikoni kinahitaji kushukiwa kuliko chombo chochote. Kipande cha kanga kuukuu kinachofuta damu mezani, kisha kikafuta sahani, kisha kikakausha mikono, kikabaki na unyevu juu ya sinki usiku kucha, ni makazi mazuri kwa bakteria, na dodoki la kuoshea vyombo halina tofauti. Damu ya nyama ifutwe kwa karatasi ya kutupwa au kwa kitambaa cha peke yake kinachokwenda moja kwa moja kwenye maji ya sabuni. Vitambaa vingine vichemshwe na kuanikwa juani, vikauke kabisa kabla ya kutumika tena.

Mikono na kopo la chumvi

Mpishi akiangaliwa kwa karibu anapokanda viungo kwenye nyama, ataonekana akinyoosha mkono uleule kwenye kopo la chumvi, akachota kitunguu saumu na tangawizi kutoka kwenye kinu, akafungua mlango wa friji, akapokea simu. Kila kimoja cha vitu hivyo kitaguswa tena baada ya nyama kuiva, na kopo la chumvi huletwa mezani kabisa. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2022, ambapo watu wazima 371 walipika nyama ya kusaga ya bata mzinga iliyowekewa kifuatilio kisicho na madhara, ulikuta kifuatilio hicho katika asilimia 48 ya makopo ya viungo yaliyopimwa, kiwango kilichozidi kile cha vibao na mapipa ya taka. Dawa yake ni kupima viungo vyote katika kibakuli kabla ya kugusa nyama, na mabaki ya kibakuli hicho yasirudishwe koponi.

Kunawa kunamaanisha sabuni, maji yanayotiririka na kusugua kwa sekunde 20, pamoja na chini ya kucha na kati ya vidole, si kutumbukiza vidole katika beseni lililokwisha kunawiwa na wengine. Koki ya bomba ina mtego wake: mkono mchafu huifungua, mkono safi huifunga, na uchafu hurudi ulikotoka, hivyo ifunguliwe kwa kiwiko au na mtu mwingine. Kwa upande huu kibuyu chirizi, yaani dumu dogo lililotobolewa na kuinamishwa kwa kamba inayokanyagwa na mguu, ni bora kuliko bomba la gharama, kwa sababu mnawaji hagusi chombo hata kidogo. Nyumba isiyo na maji ya bomba haijakosa njia.

Mishikaki na nyama choma

Nyama ya kuchoma huleta uchafuzi wa aina nyingine, kwa kuwa ubichi na uivu hukutana jikoni wakati mmoja. Sinia iliyopeleka mishikaki mibichi kwenye jiko la mkaa ndiyo mara nyingi huipokea ikiwa imeiva, na majimaji mekundu yaliyotuama katika ukingo wa sinia huipaka nyama iliyotoka motoni. Sinia mbili zitumike, na koleo au uma wa kugeuzia nyama mbichi usitumike kupakulia. Mchuzi wa kurowekea nyama, wenye ndimu, pilipili na mafuta, ni kitamu na wapishi huupaka juu ya mishikaki ikikaribia kuiva; mchuzi huo umelala na nyama mbichi kwa saa kadhaa, kwa hiyo ama sehemu yake itengwe kabla nyama haijarowekwa, ama uchemshwe kwanza. Mishikaki ya kuku na nyama ya kusaga iive hadi katikati, ambako joto linalotakiwa na Shirika la Afya Duniani ni nyuzi 70 za Selsiasi, kwa sababu kusaga huchanganya bakteria wa juu ya nyama na kuwaingiza ndani.

Kuhifadhi, na umeme unapokatika

Katika friji nyama mbichi hukaa rafu ya chini kabisa, ndani ya bakuli lenye mfuniko, ili isidondokee chakula kingine. Barafu haiui bakteria, huwasimamisha tu, na nyama iliyogandishwa iyeyushwe ndani ya friji, ikiwa katika chombo, badala ya kuachwa mezani au sinkini tangu usiku. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hushika baridi kwa saa 4 hivi na friza iliyojaa kwa saa 48. Friza iliyoyeyuka huvuja, na barafu ya juisi au maji ya kunywa iliyokaa chini ya nyama itupwe bila huruma. Nyumba isiyo na friji inunue kiasi cha kupikwa siku hiyohiyo na kuibandika nyama ndani ya saa 2 tangu inunuliwe, au saa 1 katika miezi ambayo joto la Dar es Salaam au Mombasa hupita nyuzi 32.

Anapougua mtu nyumbani

Mgonjwa wa kuhara apewe maji ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, na afikishwe kituo cha afya bila kuchelewa akiwa na damu katika choo, homa kali, macho yaliyobonyea au akishindwa kunywa. Mtoto mchanga na mjamzito wapelekwe hata kabla dalili hizo hazijaonekana. Dawa za kuua bakteria zisinunuliwe dukani kwa kubahatisha. Aliyeharisha asipike wala kupakulia wengine hadi zipite saa 48 tangu kuhara kukome, hata kama anajisikia mzima, na kwa kipindi hicho kazi ya kukata nyama na kachumbari ifanywe na mwingine.